Kabla Hujamfunga Mtu Mdomo

Kuna neno moja ambalo nikilikuta kwenye faili la mgonjwa hasira hunipanda mpaka leo, mimi bibi wa wajukuu tisa: mkaidi. Mgonjwa mkaidi, hataki kufuata maelekezo. Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye ni nesi kama nilivyokuwa mimi, alikuja likizo akanisimulia habari za mzee mmoja wodini kwao. Mzee amepewa ile mashine ya siku hizi ya kupuliza hewa, kwa watu wanaokoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Maski yake ni ya pua tu. Mzee akisinzia anaachama, hewa yote inatokea mdomoni, mashine inalia, wodi nzima hailali. "Tunamwambia afunge mdomo, Bibi, lakini hataki," akasema. Nikamwuliza kama kuna aliyemtazama puani. Akasema hapana. Nikaacha ugali wangu palepale, nikaenda kutafuta daftari.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaovaa sare leo, haya ninayaandika kwa ajili yenu, na msitegemee upole.

Nilifanya kazi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ndogo upande wa Geita. Niliingia miaka ya sitini, msichana niliyetoka kwetu Ushirombo na Kisumbwa changu na Kiswahili cha shule, nikatoka mwishoni mwa miaka ya themanini nikiwa na Kisukuma safi na magoti mabovu. Wagonjwa wetu walikuwa wakulima wa pamba, wafugaji, wavuvi wa Nkome walioleta harufu ya dagaa mpaka kwenye mito ya kulalia, na wanaume waliowahi kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Hawa wa mwisho niliwatambua kabla hawajafungua mdomo, maana mdomo ulikuwa wazi tayari. Vumbi la mawe lilikuwa limewaharibu pua kwa miaka, na hakuna bwana mkubwa aliyewahi kuwaomba radhi. Walipumua kwa mdomo, wakala kwa mdomo huohuo, wakisinzia ndimi zikawakauka kama ngozi ya ngoma. Watu waliwaona wakiwa wameachama wakasema ni wajinga. Hata manesi walisema hivyo. Hata mimi nilisema, mwaka wangu wa kwanza.

Aliyenitoa ujinga huo alikuwa dresa wetu, Mzee Masanja, mtu wa Didia. Alianza kazi kwa kufagia, akapanda mpaka akawa anasafisha vidonda na kufunga mifupa, na darasani hakuvuka la nne. Siku moja alinisikia nikimcheka mgonjwa aliyekuwa akikoroma kinywa wazi mchana kweupe. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaleta kibanio, akanibana nacho pua, akasema nifanye kazi hivyo mpaka saa sita. Nilitandika vitanda, nikagawa dawa, nikajaribu kula mhogo wa chai ya saa nne. Kila nikitafuna nilikosa pumzi, na kila nikivuta pumzi mhogo ulinipalia. Wagonjwa walicheka mpaka mmoja akafumuka mshono. Saa sita iliponikuta midomo ilikuwa imepasuka na kichwa kinagonga. Masanja akanitolea kibanio, akaniambia mgonjwa yule amekuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Baada ya hapo ndipo akanifundisha. Chukua nyuzi chache za pamba, akasema, na kwetu pamba haikosekani hata njiani. Zishike chini ya tundu moja la pua, kisha la pili, kisha mbele ya mdomo. Zinapocheza ndipo pumzi inapopita. Zisipocheza puani, chukua tochi utazame kuna nini kabla hujasema neno. Kama ni makamasi makavu au vumbi, lainisha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, yawe vuguvugu. Mlaze mgonjwa ubavu, usimlaze chali, maana akilala chali ulimi unarudi nyuma na taya linaanguka. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Kama ana meno ya bandia, yatoe. Midomo mpake mafuta, ulimi uloweshe kwa pamba kila mara. Hayo yote hayahitaji cheti cha chuo.

Na mweleze mgonjwa unachofanya. Mimi nilimwachia mzee mmoja wa Bukombe bakuli la maji ya chumvi, nikamwambia ni dawa ya pua, nikaondoka. Niliporudi alikuwa amekunywa yote, ananishukuru, anaomba na kipande cha ugali cha kuyateremshia.

Sasa nisikilizeni kuhusu maski. Siku hizo hatukuwa na mashine za kupuliza hewa. Tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, wakati mwingine miwili, iliyoletwa kutoka Mwanza kwa kivuko na lori, na ukiisha mnasubiri. Maski yetu ilikuwa ya mpira mweusi, inakaa puani peke yake, na chini yake unaning'inia mfuko mwembamba wa mpira. Mgonjwa akivuta pumzi kwa pua mfuko unanywea, akitoa unajaa. Masanja aliniambia nisitazame mtungi, nitazame mfuko. Mfuko usipocheza ujue mgonjwa anapumua kwa mdomo, na oksijeni yako inakwenda kuwafaa mbu.

Nilijua yote hayo. Shikeni hilo, kwamba nilijua, maana ndilo linalonichoma.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini alipoletwa Luhende, baba wa mapacha, ambaye wote tulimwita Baba Kulwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shingo nene kama ya fahali. Ujanani alitoboa miamba katika mgodi mmoja wa dhahabu. Jiwe lilimpiga puani huko chini, wakamtia pamba, wakamrudisha kazini siku ileile. Baadaye akapata kazi ya kupima pamba kwenye chama cha ushirika cha kijijini kwake. Akawa anasinzia kwenye mizani. Anasinzia akiwa amesimama, anasinzia akiwa anazungumza na mtu. Wakamwita Baba Usingizi, wakasema amerogwa, wengine wakasema mlevi ingawa pombe hakuigusa, mwishowe wakamfukuza. Mkewe, Mama Kulwa, alikuwa akieleza kila anayetaka kusikiliza kwamba mumewe akilala pumzi humkatika kabisa, hata mtu ukahesabu vidole vya mikono yote miwili, kisha anashtuka kama aliyesukumwa. Kwa miaka amelala mkono wake uko kifuani kwa mumewe, amtikise. Hakuna aliyeandika maneno hayo. Sisi tulimpokea kwa homa ya mapafu na miguu iliyovimba, tukamvalisha maski ya pua.

Mfuko haukucheza.

Wodi yetu ilikuwa na mganga msaidizi ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa ana watoto na hawana kosa. Tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa hodari wa mitihani, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na alichukia kitu chochote kilichomfanya asubiri. Daktari mkuu alikuwa safarini Mwanza wiki ile, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, alipita, akamwona Baba Kulwa amesinzia, ameachama, mfuko umetulia. Akakasirika kana kwamba ametukanwa. Akasema mtu huyu anamwaga oksijeni ya serikali hewani. Akamwamsha, akamwambia apumue kwa pua. Baba Kulwa alijaribu, nilimwona akijaribu, mishipa ya shingo ikasimama, kisha mdomo ukafunguka wenyewe. Bwana Mganga akanigeukia akaniambia nichukue bendeji pana, niipitishe chini ya kidevu na juu ya utosi, nimfunge mdomo.

Nikamwambia, "Bwana Mganga, pua hatujaitazama."

Akajibu bila kunitazama, "Nesi, nimesema funga."

Nikafunga. Kwa mikono hii ninayoandikia. Baba Kulwa alinishika kiganja, akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Vumilia, baba." Vijana, neno hilo tunalipenda sana katika kazi yetu, na mara nyingi tunalisema kwa mtu ambaye angeweza kusaidiwa.

Akiwa macho aliweza, kwa shida, kuvuta kiuzi cha hewa kwa tundu moja la pua na pembeni mwa midomo. Nikaona ametulia, nikaitwa upande wa pili kwa mgonjwa aliyekuwa akitapika. Yeye akasinzia, kama kawaida yake.

Saa kumi ndugu wa wagonjwa wakaruhusiwa kuingia. Mama Kulwa alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mnajua kwetu ni nani hufungwa kidevu kwa kitambaa: ni maiti, ili asizikwe ameachama. Mama yule alisimama miguuni pa kitanda, akatazama, akaweka kibuyu chini polepole kisimwagike. Kisha akaniuliza kwa Kisukuma, sauti ya chini kabisa, akiniita mama, "Mayu, amekufa saa ngapi? Mbona sikuitwa?"

Nikageuka. Midomo ya Baba Kulwa ilikuwa rangi ya majivu. Mkono mmoja ulikuwa umeliachia shuka ulilokuwa umelikamata. Nilikimbia, lakini mkewe alinitangulia. Hakutafuta fundo, aliivuta bendeji kwa nguvu ikapanda juu ya pua na kutoka kichwani na nywele kadhaa. Tukamwinua kichwa sote wawili. Akavuta pumzi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baada yake, kama mtu aliyetolewa kisimani.

Masanja alikuja akikimbia kutoka chumba cha vidonda. Hakuuliza nani kafanya nini. Akatoa nyuzi za pamba mfukoni: tundu la kulia hazikutikisika kabisa, la kushoto zilitikisika kidogo. Akawasha tochi, akaniita nitazame. Mfupa wa katikati ulikuwa umepinda tangu lile jiwe la mgodini, na upande uliobaki ulikuwa umezibwa na kinyama cheupe kinachoteleza, kama jicho la sato. Hapo mtu angepumulia wapi?

Akaniuliza maski ya chumba cha upasuaji iko wapi, ile inayofunika pua na mdomo pamoja. Nilimwambia iko kabatini na ufunguo anao Bwana Mganga, na Bwana Mganga amekwenda kunywa chai. Masanja hakusubiri chai iishe. Alichukua bisibisi ya fundi, akang'oa bawaba ya kabati, akaja na maski, akaiunga kwenye mpira wa oksijeni, akaiweka usoni pa Baba Kulwa bila kuibana sana ili pumzi itoke. Tukamlaza ubavu. Tukainua kitanda. Baada ya muda kucha zikaanza kurudi rangi. Maski ile ilikuwa imekaa hatua arobaini kutoka kitanda chake siku zote tatu alizolala pale. Nilizipima baadaye kwa miguu yangu. Hatua arobaini.

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa metroni. Bwana Mganga alikuwa ameshaandika faili: mgonjwa mkaidi, alikataa kufunga mdomo, mke wa mgonjwa alivuruga matibabu, dresa alivunja kabati la serikali. Metroni aliniuliza mimi hali ya mgonjwa ilikuwaje bendeji ilipofunguliwa. Masanja alikuwa amesimama kushoto kwangu, kofia mkononi.

Nikasema, "Sikuona vizuri."

Nilikuwa na watoto wawili na mama yangu Ushirombo akinitegemea, na Bwana Mganga alikuwa na kalamu tatu. Hizo ni sababu. Nimezichunguza miaka yote hii na sijapata iliyo nzito kuliko mtu aliyesimama kushoto kwangu. Masanja hakunitazama. Hakuwakumbusha kwamba alikuwa hospitalini kabla kabati lile halijatengenezwa. Wakamwondoa wodini, wakampeleka kwa dobi kufua mashuka. Mama Kulwa akapigwa marufuku kuingia, akawa anapika nje penye mafiga ya ndugu wa wagonjwa, na kila asubuhi nilipompita alinisalimia mwangaluka kwa heshima zote. Afadhali angenitemea mate.

Daktari mkuu aliporudi alitazama ile pua, akamwandikia Baba Kulwa barua ya kwenda Mwanza. Huko wakakitoa kinyama na kunyoosha mfupa kadiri ulivyonyooka. Alirudi kutusalimia mvua za kwanza zilipoanza. Aliniambia amesikia harufu ya udongo uliolowa, na kwamba alisahau kama una harufu. Alikuwa bado anakoroma akilala chali, kwa hiyo Mama Kulwa alimshonea gunzi la mahindi mgongoni mwa shati la kulalia. Akigeuka chali linamchoma, anarudi ubavuni mwenyewe. Yule mama hakusoma kitabu chochote. Alikuwa na akili, na alikuwa amemtazama mumewe. Chama cha ushirika hakikumrudisha kazini. Walishazoea lile jina la Baba Usingizi.

Nanyi mnafikiri nilikwenda nikasema ukweli. Sikwenda. Miezi kumi na moja nilipita mbele ya banda la dobi, nikasema, "Shikamoo, Mzee Masanja," naye akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni.

Kisha akaletwa mvuvi mmoja kutoka Nkome, kifua kimejaa, ameachama. Bwana Mganga akapita, akatazama mfuko, akasema maneno yaleyale: chukua bendeji. Sijui ujasiri ulitoka wapi, na sitaki kuusifu, maana ulichelewa. Nilikwenda kwenye meza ya dawa nikairudisha bendeji mahali pake.

"Sifungi," nikamwambia.

Akasema ataniandikia. Nikamwambia aandike, na mimi nitaandika ya mwaka jana. Nikatoa nyuzi za pamba, nikamtazama mvuvi pua zote mbili mbele yake. Zilikuwa zimezibwa na makamasi makavu tu. Kwa maji ya chumvi na subira zilifunguka kabla ya chakula cha mchana, na mfuko ukaanza kucheza.

Niliandika kurasa nne, nikampelekea daktari mkuu kwa mkono wangu. Akazisoma zote. Akaniuliza jambo moja tu, kwa nini sikusema wakati ule. Nilimwambia niliogopa. Akazikunja karatasi, akaziweka mezani.

Bwana Mganga hakufukuzwa, kama mnangoja hilo. Alihamishwa kituo, na nilisikia huko alikokwenda alipewa cheo. Hasira ya jambo hilo sijaitua, na sina mpango wa kuitua. Mkikutana na mtu anayewaambia mzee hupoa moyo, mwambieni hanijui mimi.

Masanja alirudishwa wodini. Alikuja asubuhi, amevaa koti lake la zamani, mikono imechubuka kwa sabuni ya magadi. Nilimngoja amalize kuzunguka vitanda, nikamfuata chumba cha vidonda, nikapiga magoti kama binti mbele ya baba yake, nikamwomba msamaha kwa maneno yale mawili niliyosema ofisini. Aliniacha nimalize. Aliendelea kukunja bendeji.

Kisha akasema, "Veneranda, mimi kabati lile sina kinyongo nalo. Lakini nimefua mashuka ya wodi hii miezi kumi na moja. Ya watu waliokufa nilikuwa nayajua. Mengi yalikuja mazima. Mawili yalikuja yamechanwa kwa kucha, na ndani yake bendeji pana yenye fundo la utosini."

Wawili hao hawakufungwa katika zamu zangu. Niliwaza hivyo mara moja, na nikaona aibu ya kuwaza hivyo. Nikamwuliza ni vitanda gani. Akaniambia, kwa namba zilizoshonwa kwenye mashuka, ni cha nne na cha kumi na moja, akanipa nusu ya bendeji nimsaidie kukunja.

Tulipomaliza nilirudi wodini, nikaenda kusimama kwenye kitanda cha nne. Alikuwa amelala mtu mwingine kabisa, kijana wa malaria. Alinitazama, akadhani nimemjia yeye, akaniomba maji. Nikamletea.